Njia za baiskeli katikati ya jiji: fedha kidogo zianzie wapi?

Swali: Mhandisi, salaam. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mipango ya jiji letu. Tumepata fedha za kujenga njia za baiskeli, ila zinatosha kilomita sita au saba tu. Wataalamu wetu wanashauri tuanze na barabara pana ya pembezoni kwa kuwa kazi yake ni rahisi, na katikati ya jiji tuchore mistari kwanza, maana mitaa ni myembamba na wenye maduka wameshaanza kulalamika kuhusu maegesho. Wengine wanataka njia moja ya kwenda na kurudi, upande mmoja wa barabara, ili kuokoa nafasi. Tufuate lipi?

Jibu:

Ndugu mjumbe, mimi ningeugeuza mpango huo. Kilomita zote sita au saba ningezipeleka katikati ya jiji, ningezijenga kwa mkupuo mmoja zikiwa zimeungana, na sehemu kubwa ya fikra na fedha ningeiweka kwenye makutano. Barabara ya pembezoni ingesubiri. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaingia kwenye mistari, maegesho na njia ya kwenda na kurudi, kwa sababu yote hayo yanaamuliwa na swali moja: je, mtu atafika anakokwenda bila kupita hata mahali pamoja panapomtia hofu?

Safari ya baiskeli haihukumiwi kwa wastani wake. Mzazi anayefikiria kumwacha mtoto aende shule kwa baiskeli haangalii zile kilomita mbili zilizo tulivu. Anaangalia mita hamsini za makutano ambako malori yanakata kona, na kwa sababu ya mita hizo baiskeli inabaki nyumbani. Mwaka 2006 Roger Geller, mratibu wa masuala ya baiskeli wa jiji la Portland, Marekani, aliwagawa wakazi wa jiji lake katika makundi manne. Wasioogopa chochote hawakufika asilimia 1. Wenye kujiamini walikuwa kama asilimia 7. Theluthi moja hivi hawakuitaka baiskeli kwa hali yoyote. Waliobaki, kama asilimia 60, walikuwa wanaipenda baiskeli lakini wanaogopa magari. Tafiti za baadaye zimetoa tarakimu zinazotofautiana kidogo, ila kundi la wanaotaka na kuogopa limeendelea kuwa kubwa kuliko mengine. Hao ndio mnaowajengea. Yule asiyeogopa anapita hata leo, kabla hamjatumia chochote.

Uholanzi, ambayo kila mtu huitolea mfano, nayo ilipitia jaribio kama hilo mnalopendekezewa. Katikati ya miaka ya 1970 serikali yake ililipia njia za mfano katika miji ya Tilburg na The Hague. Kila mji ulipata njia moja nzuri iliyokatiza katikati. Watu waliipenda, lakini wengi waliokuja kupita humo walikuwa wanaendesha tangu zamani kwenye mitaa ya jirani, na matumizi ya baiskeli kwa mji mzima hayakupanda kama ilivyotarajiwa. Miaka ya 1980 mji wa Delft ukajaribu kujenga wavu. Njia kubwa zilipangwa ziachane kwa kama mita 500, kati yake zikapitishwa njia ndogo za mitaa zilizokaribiana zaidi, na palipokuwa na mfereji au reli pakawekwa daraja au njia ya chini kwa chini. Huko matumizi yaliongezeka. Hakuna anayenufaika na nusu ya daraja, na njia ya baiskeli inayoishia mbele ya barabara kuu yenye magari ni nusu ya daraja.

Sevilla, Hispania, ilifanya kazi ya aina hiyo kwa kasi ambayo wengi hawakuitegemea. Kati ya 2006 na 2007 ilijenga karibu kilomita 80 za njia zilizotengwa na magari, zilizoungana tangu siku ya kwanza, katika jiji ambalo baiskeli hazikuwa hata asilimia 1 ya safari. Safari za baiskeli zikaongezeka mara kadhaa ndani ya miaka michache. Nyinyi hamna fedha za kilomita 80, kwa hiyo mfano ulio karibu nanyi zaidi ni Calgary, Kanada. Mwezi Juni 2015 jiji hilo lilifungua kama kilomita 6.5 za njia zilizotengwa katikati ya jiji, zinazokatana, zote kwa pamoja, kama jaribio. Vifaa vingi vilikuwa vya kuwekwa na kuondolewa: nguzo za plastiki, vyungu vikubwa vya maua, vizuizi vya zege vilivyoletwa vikiwa tayari. Walihesabu waliopita, wakarekebisha penye matatizo, na Desemba 2016 baraza la jiji likaamua njia hizo zibaki.

Sasa linganisheni na kilomita saba za barabara ya pembezoni. Huko hakuna ofisi wala masoko, kwa hiyo hakuna anayekwenda huko. Mtu akitoka kwenye njia yenu nzuri anatumbukia kwenye magari ya katikati ya jiji, mahali palepale alipokuwa anapaogopa. Wapita njia watakuwa wachache, na miaka miwili baadaye tarakimu hizo zitaletwa mbele ya kamati yenu kuthibitisha kwamba wananchi hawataki baiskeli. Nafasi ya pili haipatikani kirahisi baada ya hapo.

Kabla ya kuchora njia hata moja, chukueni ramani ya katikati ya jiji mjiulize magari yaliyomo yanakwenda wapi. Katika majiji mengi, sehemu kubwa yanapita tu: yanaingia upande mmoja na kutokea mwingine bila kuwa na shughuli yoyote pale. Mwaka 1977 mji wa Groningen, Uholanzi, uliigawa sehemu yake ya katikati katika kanda nne. Gari liliweza kuingia kanda yoyote, lakini halikuweza kuvuka kutoka kanda moja hadi nyingine. Lilipaswa kurudi nje, lizunguke kwa barabara ya mzunguko, ndipo liingie tena. Baiskeli na waenda kwa miguu walivuka moja kwa moja. Mji wa Ghent, Ubelgiji, ulifanya mpango wa namna hiyo Aprili 2017. Kinachohitajika zaidi ni vibao, nguzo na kubadili mwelekeo wa baadhi ya mitaa, vitu vya bei ndogo kuliko kuvunja na kujenga upya. Najua kwamba kisiasa ndio uamuzi mgumu kuliko yote niliyoyaandika hapa. Lakini ndio unaopunguza ugumu wa mengine yote, kwa sababu magari ya kupita yakiondoka, mitaa mingi haihitaji tena njia ya pekee ya baiskeli.

Kipimo cha kufuata ni hiki. Kama mtaa una magari yasiyozidi 2,000 hivi kwa siku, na mwendo wake hauzidi kilomita 30 kwa saa, baiskeli na magari yanaweza kutumia nafasi moja bila taabu. Nasema mwendo wenyewe wa magari, kwa sababu kibao cha 30 kwenye mtaa mpana ulionyooka hakimzuii dereva yeyote. Mwendo hushushwa na umbo la barabara: matuta mapana, leni nyembamba, makutano yaliyoinuliwa. Mtaa ukizidi vipimo hivyo, tengeni njia. Na mitaa ya magari ya upande mmoja ifungueni kwa baiskeli pande zote mbili pale mwendo ulipo mdogo. Brussels imefanya hivyo karibu kila mahali. Kwa kazi ya vibao na rangi, mwendesha baiskeli anaondolewa mzunguko mrefu uliowekwa kwa ajili ya magari.

Kwenye mitaa inayobaki na magari mengi, chukueni futi kamba. Mwendesha baiskeli anahitaji kama mita 1 akiwa peke yake, kwa sababu usukani wake una upana wa sentimita 60 hadi 75 na hakuna anayeendesha kwa kunyooka kama rula. Wawili wakienda sambamba, au mmoja akimpita mwenzake, wanahitaji mita 2. Kwa hiyo njia ya mwelekeo mmoja ianzie mita 2, na 2.2 au zaidi ndio nafasi nzuri. Kando ya magari yaliyoegeshwa acheni sentimita 80 hadi mita 1 ya ukanda wa usalama, maana mlango unaofunguliwa ghafla humwangusha mtu chini ya gari linalofuata. Leni ya magari katikati ya jiji haihitaji kuzidi mita 3 hadi 3.2. Leni pana zaidi huwapa madereva ruhusa ya kuongeza mwendo.

Tuseme mna mtaa wa mita 12 kutoka ukingo hadi ukingo. Leo una leni mbili za mita 3.8 na maegesho ya mita 2.2 kila upande, jumla 12. Mkibakiza leni mbili za mita 3, zinabaki mita 6, nazo zinatosha njia mbili za baiskeli za mita 2.2 na kanda mbili za usalama za sentimita 80. Maegesho yote yameondoka. Mkitaka kubakiza maegesho ya upande mmoja tu pamoja na leni zote mbili, zinabaki mita 3.8, na hapo hamna njia mbili za baiskeli zinazofaa. Lakini mkiufanya mtaa uwe wa upande mmoja kwa magari, na leni moja ya mita 3.2, maegesho ya upande mmoja yanaweza kubaki, njia mbili za mita 2.2 zikaingia, na mita 2.2 zikagawanywa kuwa kanda za usalama: mita 1 upande wa maegesho, 1.2 upande wa pili. Mitaa "myembamba" mnayoniandikia mara nyingi iko hivi. Nafasi ipo, ila haitoshi kumpa kila mtu kila kitu, na kamati ndiyo inayopaswa kuchagua, kwa sauti na kwa tarakimu, badala ya kumwachia mchoraji ramani aminye upande wa baiskeli hadi ubaki sentimita 90. Nafasi ya waenda kwa miguu msiiguse. Njia ya baiskeli iliyokatwa kutoka kwao huzaa ugomvi wa kila siku kati ya watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyesababisha msongamano.

Kuhusu mistari, nitakuwa mkali kidogo. Mstari wa rangi kando ya magari ya kasi haumlindi mtu, na mzazi niliyemtaja juu analijua hilo bila kuambiwa. Mstari ni mahali pa dereva kusimama dakika mbili akimsubiri mtu, na pa gari la mizigo kushushia. Kila mara hilo linapotokea, mwendesha baiskeli anajitupa kwenye leni ya magari, mahali ambapo hakuna aliyemtarajia. Kama fedha ni kidogo, wekeni kizuizi cha bei ndogo kuliko kutokuweka. Mwaka 2007 New York iliyahamisha maegesho ya sehemu ya Ninth Avenue ili magari yaliyoegeshwa yakae kati ya baiskeli na magari yaendayo: magari yakawa ukuta. Majira ya kuchipua ya 2020 miji mingi ya Ulaya iliweka njia za muda kwa haraka wakati wa janga la korona. Utafiti wa Sebastian Kraus na Nicolas Koch uliotoka mwaka 2021, ukiangalia miji 106, ulikadiria kuwa njia hizo ziliongeza uendeshaji baiskeli kwa wastani wa kati ya asilimia 11 na 48. Za muda si mbaya. Ubaya ni kuifanya rangi tupu iwe hatua ya kwanza ambayo haifuatiwi na ya pili.

Nije sasa kwenye makutano, ambako nataka mtumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Katikati ya jiji, sehemu kubwa ya migongano mibaya ya baiskeli na magari hutokea pale barabara zinapokutana, na hapohapo ndipo njia nyingi za baiskeli hukatika. Mita thelathini kabla ya taa, mhandisi anaona foleni, anataka leni ya magari yanayokata kona, anaifuta njia ya baiskeli na kuwachanganya wote. Yaani kinga inaondolewa pale inapohitajika kuliko kwingine. Mkiona mchoro wa namna hiyo, urudisheni.

Hatari kubwa ni ya gari linalokata kona kuingia mtaa wa pembeni wakati baiskeli iliyo kando yake inaendelea moja kwa moja. Dereva wa lori hamwoni aliye ubavuni mwake. Dawa yake ni umbo. Wekeni kisiwa kidogo kwenye kona, kati ya njia ya baiskeli na magari. Kisiwa hicho hufanya kazi tatu kwa pamoja. Kinaifanya kona iwe kali, hivyo gari linakata kwa mwendo mdogo. Kinampa mwendesha baiskeli mahali pa kusubiri taa mbele ya mstari wa magari, anapoonekana. Na kinausogeza mstari wa kuvuka nyuma kwa kama mita 5, urefu wa gari moja. Mita hizo 5 zina thamani kubwa: dereva anapofika kwenye kivuko anakuwa ameshamaliza kugeuka, anaitazama baiskeli karibu uso kwa uso, na ana nafasi ya kusimama bila kuwazuia walio nyuma yake. Malori marefu na magari ya zimamoto yafanyiwe ukingo wa chini unaopandika kwa tairi, ili kona ibaki kali kwa magari madogo. Maegesho yaondoeni angalau mita 10 kabla ya kila makutano, kwa sababu gari lililoegeshwa hapo linamficha mtoto kabisa.

Kwenye mitaa midogo isiyo na taa, msiishushe njia ya baiskeli kila inapokutana na mtaa. Iacheni iendelee ilivyo, kwa kimo chake na kwa rangi yake, pamoja na njia ya waenda kwa miguu, na gari ndilo lipande na kushuka. Dereva anayepanda tuta anaelewa bila kusoma kibao kwamba anapita katika nafasi ya watu wengine.

Taa nazo zina lugha yake. Njia bora ni kuwapa baiskeli na magari yanayokata kona zamu tofauti. Isipowezekana, wapeni baiskeli na waenda kwa miguu sekunde chache za kutangulia, ili magari yakianza kuondoka wawe wameshaonekana katikati ya makutano. Mzunguko mzima wa taa uwe mfupi, sekunde 90 au chini yake kila inapowezekana. Watu hulalamika kwamba waendesha baiskeli wanapita kwenye taa nyekundu. Mara nyingi hao ni watu waliosimamishwa dakika mbili mbele ya barabara tupu, kwenye taa iliyopangwa kwa hesabu ya magari. Copenhagen ilipanga taa za mtaa wa Nørrebrogade zifuatane kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ili anayeendesha kwa mwendo huo akute kijani mfululizo. Kwa baiskeli hilo lina uzito ambao dereva hauhisi, maana kila kusimama ni nguvu za miguu zinazopotea.

Baada ya hayo, suala la njia ya kwenda na kurudi upande mmoja linakuwa rahisi. Inaokoa nafasi, ni kweli: mita 3 hadi 3.5 zinatosha badala ya mita 4 na zaidi. Lakini dereva anayetoka mtaa wa pembeni huangalia upande yanakotoka magari, na nusu ya baiskeli zitamjia kutoka upande wa pili. Kando ya mto, reli au bustani kubwa, ambako kuna makutano machache upande mmoja, hiyo ni njia nzuri kabisa. Kwenye mtaa wa maduka wenye makutano kila mita 80, mimi nisingeichagua, labda kama kila makutano yatawekewa taa yenye zamu ya pekee ya baiskeli. Sevilla ilitumia njia za kwenda na kurudi karibu kote, na zimefanya kazi. Montreal, Kanada, nayo ilijenga ya kwenda na kurudi kwenye mtaa wa De Maisonneuve mwaka 2007, lakini ilipofikia mtaa wa biashara wa Saint-Denis mwaka 2020 ilijenga njia ya mwelekeo mmoja kila upande wa barabara. Kama mtaichagua, iwe kwa sababu mmehesabu makutano, isiwe kwa kuwa ni rahisi kuichora.

Vituo vya basi vitawasumbua. Suluhisho lililozoeleka ni kuipitisha njia ya baiskeli nyuma ya kituo, abiria wakisubiri kwenye kisiwa kati ya basi na baiskeli. Kisiwa kiwe na angalau mita 2.5 pale abiria ni wengi, na mahali pa kuvukia njia ya baiskeli painuliwe hadi kimo cha waenda kwa miguu, ili baiskeli zipunguze mwendo. Waiteni wasioona na wanaotumia viti vya magurudumu mapema, mchoro ukiwa bado ni wa penseli. Baiskeli haina mlio. Asiyeona anahitaji mstari wa kuhisi kwa fimbo, ukingo wa sentimita kadhaa unaotenganisha njia mbili, na uhakika kwamba anayekuja atasimama.

Wenye maduka wasikilizeni, na mtenganishe malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba wateja wao huja kwa gari. Hili lipimeni kabla ya kulibishia. Huko Bristol, Uingereza, utafiti wa mwaka 2006 uliwauliza wenye maduka na wateja wao swali hilohilo: wenye maduka walidhani kama asilimia 41 ya wateja huja kwa gari, na waliokuja kwa gari walikuwa asilimia 22. Msiwaletee hesabu za Bristol tu, bali simameni mlangoni kwao siku ya kazi na siku ya mapumziko, mkiwa pamoja nao, muwahesabu wateja wa mtaa wenyewe. Mwenye duka aliyeshiriki kuhesabu huiamini tarakimu.

La pili ni kushusha mizigo, na hapo wana haki kamili. Duka lisilofikika kwa gari la mizigo linakufa. Tengeni sehemu za kushushia kwenye mitaa ya pembeni, hatua chache kutoka mlangoni, au saa maalumu za asubuhi, na muhakikishe sehemu hizo hazigeuki maegesho ya siku nzima. Mkifanya hivyo kabla ya ujenzi kuanza, mtakuwa mmelimaliza lalamiko lenye uzito kuliko yote. Maegesho ya watu wenye ulemavu yabaki karibu na milango. Na msisahau maegesho ya baiskeli zenyewe: machache machache, mbele ya kila majengo kadhaa, yakiwa vyuma imara vya kufungia fremu. Kwenye kituo cha treni hesabu ni nyingine kabisa. Mji wa Utrecht, Uholanzi, ulikamilisha mwaka 2019 maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya kituo chake kikuu.

Mambo ya ujenzi nitayapitia haraka, ingawa yameharibu njia nyingi. Uso wa njia uwe wa lami laini. Matofali ya kupanga huachana na kutikisa mikono. Vyuma vya mitaro viwe na matundu yanayokatiza mwelekeo wa baiskeli, maana tundu linaloelekea mbele hulimeza tairi. Vizuizi viachieni mianya ili maji ya mvua yapite. Jiwe la ukingo lenye kimo na wima hula nafasi, kwa sababu mtu hujitenga nalo akihofia pedali isigonge. Tumieni ukingo wa chini ulioinama, na njia yenye mita 2 itakuwa na mita 2 kweli. Reli za tramu zivukwe kwa pembe iliyo karibu na mraba. Na kabla ya kuamua upana wa njia iliyozungushiwa vizuizi, ulizeni idara ya usafi ina gari la kufagia lenye upana gani. Njia isiyoingilika kwa gari la kufagia hujaa vioo na mchanga, na watu huiacha.

Mwisho ni kuhesabu, na kuanze sasa, kabla ya jembe la kwanza. Hesabuni saa zilezile, mwezi uleule, hali ya hewa inayofanana, kabla na baada. Zaidi ya jumla, andikeni ni wangapi walikuwa wanawake, watoto na wazee, na ni wangapi wanaendesha kwenye njia ya waenda kwa miguu. Wanaopanda huko wanawaonyesha mahali barabara inapotisha, na wakihamia kwenye njia yenu mpya mtajua imeaminika.

Wakati kamati inajadili wavu wenyewe, chagueni makutano matatu mnayoyaogopa zaidi katikati ya jiji. Nendeni asubuhi ya siku ya kazi, mpime upana wa kila leni, ukali wa kila kona na sekunde za kila zamu ya taa, na muandike malori marefu yanatokea upande upi. Nitumieni vipimo hivyo pamoja na mchoro wa mkono, nitawaonyesha kisiwa cha kona kinakaa wapi na kama maegesho ya karibu yanaweza kubaki.